Tumepima mwendo wa basi, sasa tupime uchovu wa dereva

KILA basi linapopinduka na kuua abiria, maneno huwa yale yale. Polisi husema dereva alishindwa kulidhibiti gari. Wakubwa hutuma rambirambi. Majirani wa marehemu hutikisa vichwa na kusema ajali haina kinga. Kisha hufuata msako wa magari mabovu, na baada ya wiki mbili mambo hurudi yalivyokuwa.

Kwa daktari, kusema kwamba dereva "alishindwa kulidhibiti gari" hakutoshi. Ni kama mgonjwa anayekuja kliniki na kusema ana homa. Homa ni dalili tu. Kazi ya daktari ni kuuliza imeletwa na nini: ni malaria, ni kichomi, ama ni maji machafu? Vivyo hivyo, yafaa tuulize kila mara: dereva huyu alishindwa kwa nini?

Swali hili si dogo. Kila mwaka kati ya 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema katika ripoti yake ya 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 ulimwenguni kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Ugonjwa wa kuambukiza ungeua vijana kwa kiwango hicho, tungekuwa tumefunga mipaka.

Siku hizi tunaambiwa kwamba dawa imepatikana, nayo ni mifumo ya uchukuzi yenye akili. Maana yake ni magari na barabara zilizofungwa kompyuta, kamera na vifaa vya setilaiti ili kumsaidia dereva au kumchunga. Sisi wenyewe tulianza zamani kidogo. Tangu Februari 2004, chini ya kanuni ambazo wengi huziita Sheria za Michuki, matatu na mabasi yalitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo, yaani spidi gavana, ili yasipite kilomita 80 kwa saa. Baadaye vikaja vifaa vya kurekodi mwendo na kuonyesha gari liko wapi. Huko Ulaya wamekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2024, kila gari jipya linalosajiliwa katika nchi za Muungano wa Ulaya lazima liwe na kifaa cha kumwonya dereva anapoanza kusinzia.

Sivipingi vifaa hivi. Spidi gavana isiyochezewa huokoa maisha. Maoni yangu ni kwamba tumejifunza kulipima gari tukamsahau anayeliendesha. Mitambo yetu inajua basi limekwenda kasi gani na limefika wapi. Haijui ni mikono ya nani iliyoshika usukani, wala mwenye mikono hiyo alilala lini.

Dereva si kifaa

Wahandisi wana somo la kupima kutegemeka kwa binadamu kazini. Lilikomaa katika vituo vya nyuklia. Mwaka wa 1983, Mmarekani Alan Swain na mwenzake walitoa kitabu cha mwongozo cha kukadiria ni mara ngapi mfanyakazi wa kituo kama hicho huweza kukosea. Wanaobuni mifumo ya uchukuzi hutumia hesabu za namna hiyo kukadiria ni lini dereva ataelekea kukosea.

Hebu tuchukue mfano mdogo. Tuseme dereva wetu ni hodari, na kila anapofanya uamuzi barabarani hupatia mara 999 kati ya 1,000. Katika safari ndefu hufanya maamuzi mengi: kupita lori, kupunguza mwendo, kukadiria pikipiki inayokuja. Akifanya maamuzi 1,000, uwezekano wa kumaliza safari bila kosa hata moja ni kama asilimia 37 tu. Makosa mengi hayaleti ajali kwa sababu barabara ilikuwa wazi au mwenzake alikwepa. Sasa tuseme amechoka kidogo, na badala ya kukosea mara moja katika kila 1,000 anakosea mara 5. Uwezekano wa kumaliza safari bila kosa hushuka hadi chini ya asilimia moja.

Takwimu za mfano huu ni zangu za kuelezea tu, lakini funzo lake ni la kweli. Badiliko dogo sana katika mwili wa dereva, ambalo yeye mwenyewe hawezi kulihisi, huzaa hatari kubwa safari inapokuwa ndefu. Na tofauti na nati ya gurudumu, dereva hana kiwango kimoja cha kutegemeka. Mtu yule yule aliye salama saa tatu asubuhi anaweza kuwa hatari saa kumi usiku.

Saa iliyo mwilini

Kwa nini saa kumi usiku? Mwaka wa 1982, mtaalamu wa usingizi wa Uswisi, Alexander Borbély, alieleza kwamba usingizi huongozwa na mambo mawili. La kwanza ni njaa ya usingizi, ambayo huongezeka kila saa tunayokaa macho na kupungua tunapolala. La pili ni saa ya mwili, ambayo hufuata usiku na mchana hata kama mtu hajachoka. Mambo haya mawili yakikutana, yaani mtu amekaa macho muda mrefu na saa ya mwili inamwambia ni usiku, hakuna ujasiri utakaomsaidia. Saa mbaya zaidi ni kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kipindi kingine cha kusinzia, ingawa chepesi, ni kati ya saa nane na saa kumi mchana.

Watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha mwaka wa 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya mkono na jicho sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akikesha saa 24, huwa kama mwenye asilimia 0.10. Sasa mfikirie dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kupeleka gari gereji, akapiga foleni mchana kutwa akingoja abiria, na saa nne usiku bado yuko barabarani. Hajaonja hata tone. Polisi wakimsimamisha na kumpulizisha Alcoblow, atapita na kutakiwa safari njema.

Hatari kubwa ni usingizi wa sekunde chache, ambao mtu huweza kuupata macho yakiwa nusu wazi bila kujua kwamba alilala. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akipotewa kwa sekunde 4, basi limekwenda karibu mita 90, sawa na urefu wa viwanja vingi vya kandanda, bila mtu kwenye usukani. Spidi gavana itarekodi kwamba mwendo ulikuwa halali kabisa.

Mnamo Desemba 31, 2017, watu 36 walifariki huko Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, basi na lori yalipogongana. Oktoba 10, 2018, zaidi ya watu 50 walifariki basi lililotoka Nairobi kuelekea magharibi lilipobingirika Fort Ternan, Kericho. Ajali zote mbili zilitokea kabla ya mapambazuko. Sisemi kwamba madereva hao walisinzia. Hilo ni la wachunguzi. Ninachosema ni kwamba saa yenyewe ilistahili kuchunguzwa kama breki na magurudumu yalivyostahili. Baada ya Migaa, serikali ilipiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku, kisha ikalegeza amri hiyo. Tulifunga barabara na kuifungua, na saa za kulala za madereva zikabaki bila kuulizwa.

Maradhi yasiyoonekana na kamera

Usingizi si tatizo pekee. Yuko dereva mwenye kisukari anayetumia insulini, anayekosa chakula cha mchana kwa kukimbizana na tripu. Sukari ikishuka, hutokwa jasho, mikono hutetemeka na akili huvurugika. Kamera inayochunguza kope itaona macho yako wazi na kuridhika.

Yuko dereva mnene mwenye shingo nene anayekoroma usiku, pumzi ikikatika na kurudi. Huyu huamka hajapumzika ingawa amelala saa nane, na shahidi wake wa kwanza ni mkewe. Ugonjwa huu unatibika, lakini ni wachache wanaojua kwamba ni ugonjwa. Yuko pia anayemeza tembe za mafua za kununua dukani, kama Piriton, kisha anaingia barabarani bila kujua kwamba dawa hiyo huleta usingizi.

Na yuko anayetafuna miraa au muguka ili akeshe. Ningependa hili lieleweke vizuri. Miraa humfanya mtu asihisi uchovu, lakini deni la usingizi hubaki pale pale. Nguvu yake ikiisha, deni hilo hudaiwa kwa mara moja, na mara nyingi huwa ni alfajiri.

Mlio huja mwisho

Kuna watakaoniuliza: kama ni hivyo, si tufunge kamera za kunasa usingizi katika kila basi? Mbinu yenyewe ni nzuri na ina historia. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Marekani waligundua kwamba kipimo kizuri cha kusinzia ni muda ambao kope zimefunika asilimia 80 au zaidi ya mboni. Kamera za leo hufanya kazi kwa misingi hiyo.

Lakini daktari yeyote atakwambia kwamba kipimo kizuri huweza kutoa majibu mengi ya uongo pale ugonjwa unapokuwa nadra. Tuseme dereva ameendesha kwa saa 1,000, na katika saa 10 tu alikuwa akisinzia kwelikweli. Kamera yetu inanasa 9 kati ya hizo 10, na hukosea mara 5 kwa kila saa 100 ambazo dereva yu macho. Katika saa 990 zilizobaki itapiga kelele bure karibu mara 50. Kwa hivyo kati ya milio 59, 50 ni ya uongo. Baada ya mwezi mmoja, dereva ataifunika kwa kitambaa, na mimi sitamshangaa.

Kuna jambo jingine. Madereva wa teksi wa Munich, Ujerumani, walipopewa magari yenye breki za kisasa zisizokwama katika miaka ya 1980, ajali zao hazikupungua kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa waliendesha kwa ukali zaidi wakijua breki zitawaokoa. Sioni kwa nini dereva wetu awe tofauti. Akijua mashine itamwamsha, atajipa moyo aongeze kilomita mia nyingine.

Wako pia wanaosema tungoje magari yajiendeshe yenyewe. Hapo napo binadamu hakwepeki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Mwingereza Norman Mackworth aliombwa achunguze kwa nini askari waliokodolea macho mitambo ya rada walikosa kuona adui. Mwaka wa 1948 alichapisha matokeo: baada ya nusu saa hivi ya kutazama kitu kisichobadilika, umakini wa mtu hushuka. Miaka 70 baadaye, Machi 2018, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara mjini Tempe, Arizona, nchini Marekani. Wachunguzi walisema mitambo iliona kitu mbele sekunde zaidi ya 5 kabla ya kugonga, lakini haikutambua ni nini. Aliyeajiriwa kukaa ndani na kulichunga gari alikuwa akitazama simu. Ukimpokonya mtu kazi ya kuendesha na kumwachia ya kungoja hatari, umempa kazi ambayo ubongo wake hauiwezi.

Mlio wa onyo, kwa hivyo, ni kama chumba cha wagonjwa mahututi. Kinahitajika, lakini taifa halijengi afya kwa kuanzia humo. Dereva anayeamshwa na mashine alipaswa kuwa kitandani saa mbili zilizopita.

Kadi ifuate mtu

Tufanye nini basi? Sheria ya Trafiki tayari inakataza mtu kuendesha gari la abiria au la biashara kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria nzuri. Shida ni kwamba hakuna anayehesabu.

Chukua barabara ya Nairobi hadi Mombasa, ambayo ni kama kilomita 480. Kwa mwendo wa juu unaoruhusiwa wa kilomita 80, bila kusimama hata kunywa chai Mtito Andei, safari huchukua saa 6. Kwenda na kurudi ni saa 12. Dereva yeyote anayefanya safari hizo mbili peke yake ndani ya saa 24 amevunja sheria, na huhitaji kompyuta kulijua hilo. Lakini kifaa kilicho ndani ya basi hakiwezi kumshtaki, kwa sababu kinajua basi limekwenda na kurudi tu. Mwenye basi atasema walikuwa madereva wawili. Na yule wa skwodi, anayeshuka basi hili na kupanda lingine usiku huo huo, haonekani popote.

Ulaya walilitatua jambo hili kwa kadi. Tangu 2006, malori na mabasi makubwa mapya huko hufungwa kifaa cha kidijitali ambacho dereva hukitia kadi yake kabla ya kuanza safari. Saa anazoendesha huandikwa kwa jina lake, hata akibadilisha gari mara tatu kwa siku. Baada ya saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida haruhusiwi kupita saa 9 kwa siku. Polisi akimsimamisha, anaisoma kadi na kujua.

Kenya ilianza kutoa leseni za kisasa zenye chipu mwaka wa 2017. Vifaa vya kurekodi mwendo vimo tayari katika magari ya abiria. Pendekezo langu kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ni kuunganisha vitu hivi viwili, ili saa za kuendesha zihesabiwe kwa mtu, na basi lisianze safari ya usiku kama aliyeketi kwenye usukani amekwisha kumaliza saa zake. Sisi madaktari hatutibu kitanda cha wodi. Tunafuata faili ya mgonjwa popote anapohamishiwa.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wenye magari watasema dereva wa pili ni gharama. Ni kweli, lakini gharama hiyo ipo hata sasa, ila hulipwa na wodi za mifupa na familia zilizofiwa. Madereva nao watahofia kwamba mashine zitatumiwa kuwafuta kazi. Hofu yao ina msingi. Dereva anayelipwa kwa idadi ya safari, au anayepangiwa kiasi cha kumpelekea mwenye gari kila jioni, hachagui kukesha kwa kupenda. Kwa hivyo rekodi hizo zimbane kwanza aliyepanga ratiba. Basi likikutwa na dereva aliyepitisha saa 8, mwenye basi na Sacco yake waulizwe kabla ya dereva kutiwa pingu.

Habari za afya, kwa upande wake, ni siri ya dereva na daktari wake, na hazifai kusomwa na kila mwenye kompyuta. Mwajiri anahitaji jibu moja tu: huyu anafaa kuendesha au hafai kwa sasa. Tukianza kuwaaibisha wenye kisukari na kifafa, wataficha maradhi yao, na hapo tutakuwa tumeongeza hatari. Ningependa pia madaktari wenzangu wanaojaza fomu za madereva waongeze maswali matatu kwenye kipimo cha macho na shinikizo la damu. Unalala saa ngapi? Je, unakoroma na kukatika pumzi? Umewahi kusinzia ukiendesha? Maswali haya hayagharimu hata shilingi.

Kwa dereva anayesoma haya: kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakufukuzi usingizi kwa muda wa maana. Kahawa husaidia, lakini huchukua kama nusu saa kufanya kazi. Kilicho bora ni kusimamisha gari mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala dakika 15 hadi 20 kabla ya kuendelea. Hiyo ni ya kukufikisha kituo kinachofuata tu. Deni la usingizi hulipwa kitandani.

Nawe abiria, unapokata tikiti ya usiku, huwa unauliza basi linaondoka saa ngapi na nauli ni pesa ngapi. Uliza pia kama kuna dereva wa pili, na huyu wa kwanza alishuka safari yake ya mwisho lini. Wakikucheka ofisini, tafuta basi lingine. Kampuni za mabasi zitaanza kuhesabu saa za madereva siku abiria watakapoacha kupanda mabasi yasiyohesabu.